Tuta la Mama Queen

Naanza na lawama, kwa sababu nina haki nayo. Gari yangu ni teksi, si trekta. Mwaka jana, tangu mwezi wa nne mpaka wa kumi na moja, karibu kila Jumamosi nilibeba humo majembe, magunia ya samadi, nguzo, marando ya viazi vitamu yaliyofungwa kwenye magazeti mabichi, na mzee wa miaka themanini na moja aliyepiga miluzi njia nzima. Abiria wangu wa Jumapili wakiingia wananusa, kisha wananitazama mimi. Yote hayo kazi ya Benadetha, ambaye sisi wa majengo ya West End, hapa Alexandria ya Marekani, tunamwita Mama Queen, kwa jina la bintiye.

Mama Queen ni mtu wa Namtumbo, kule Songea. Ni mfupi, ana mabega ya kazi, na hajui kunyamaza penye jambo la kusemwa. Miaka kumi na minne hapa Marekani ametunza wazee: kuwaogesha, kuwavisha soksi, kuwabembeleza wameze vidonge. Kazi yenyewe hakuilalamikia hata siku moja. Alichokuwa akikilalamikia ni udongo. Kwenye kibaraza chake, ghorofa ya saba, amepanda matembele ndani ya ndoo, na kila nikienda kunywa chai lazima nionyeshwe ndoo moja moja.

"Miaka yote hii silimi, Khalfan," aliniambia siku moja, akinyoosha viganja. "Tazama. Vimelainika mpaka naviona aibu."

Nilimcheka. Sikujua kwamba alikuwa anaumia kweli.

Mzee aliyemtunza wakati huo aliitwa Hollis, fundi bomba mstaafu wa Springfield, aliyefiwa na mke. Alikuwa na ekari arubaini ng'ambo ya mto, kusini ya Upper Marlboro, alikokuwa akiwinda paa na kulenga shabaha enzi za nguvu zake. Tangu avunjike nyonga, miaka mitano hakukukanyaga. Miiba ilikuwa imefunga njia, mbao za shabaha zimeoza, na paa wenyewe wamehamia kwa majirani wenye mahindi. Mwanawe Ethan, mtu wa ofisi, mpole lakini aliyechoka kuhofia baba yake ataanguka tena, alitaka ardhi iuzwe. Wajenzi wa nyumba walikuwa tayari wanaingoja.

Wakabishana wiki nzima, mwisho wakakubaliana jikoni, mbele ya Mama Queen aliyekuwa akikoroga uji wa mzee. Msimu wa kuwinda kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya bata mzinga, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo mzee akimwangusha paa mmoja juu ya ardhi yake, ardhi haiuzwi. Asipomwangusha, Jumatatu yake saa tatu asubuhi watakwenda kwa wakili Upper Marlboro, atie saini yaishe.

Mama Queen akaacha kukoroga. "Ekari arubaini?" akauliza. "Udongo wake ukoje?"

Jumamosi iliyofuata nikawapeleka. Mzee alikaa garini na mkongojo wake, mimi nikakaa naye, maana viatu vyangu vilikuwa vipya. Mama Queen akaingia miibani na sketi yake kama anaingia sokoni. Alirudi baada ya saa nzima, ana mikwaruzo mikononi na tonge la udongo kiganjani. Alikuwa anacheka peke yake.

"Wanapita," alisema. "Swala wanapita kule kwenye kijito, asubuhi na jioni. Ila hapa hawasimami. Hakuna cha kuwasimamisha."

"Paa," nikamsahihisha. "Swala ni ya kusali. Mimi swala nasali, siwindi."

"Wewe Mpemba, unajua nini habari za mnyama?"

Kwa kweli yeye ndiye aliyejua. Utoto wake ulipita juu ya dungu, kile kichanja cha miti kinachojengwa shambani mtoto akae juu alinde mazao. Alipiga debe na kupiga kelele kufukuza nguruwe pori, ngedere na hao swala wake. Alijua mnyama anaingia shamba kwa upande gani, upepo ukiwa wapi, na anaanza kula nini. Maarifa yote hayo aliyapata akiwafukuza. Sasa alitakiwa kuwaita, na jambo hilo lilimfurahisha mno.

Kazi ikaanza. Tulifyeka njia, nami viatu vyangu vipya vikaishia hapo. Ethan alitaka kununua kibanda cha kuwindia cha plastiki. Mama Queen akakikataa, akamjengea mzee dungu la nguzo, fupi, lenye ngazi nne pana na mkono wa kushikilia kwa ajili ya nyonga yake. Ethan naye, tumpe haki yake, hakutaka kushinda kwa hila. Alileta gunia la mbegu maalumu za majani ya paa, lenye picha ya dume la mapembe makubwa, akaambiwa apande kwenye uwazi wa mashariki. Alipanda mwenyewe, kwa vipimo, huku anasoma maelezo.

Ikabaki sehemu ya shabaha. Mzee alieleza kwamba nyuma ya mbao za kulengea panatakiwa udongo uinuliwe, mrefu na mnene, uzuie risasi zisiende kwa majirani.

"Tuta," alisema Mama Queen.

"Tuta," mzee akarudia, akalipenda neno.

Jirani mwenye mashine akaja akasukuma udongo siku nzima, hatua sabini kutoka kwenye dungu. Lilikuwa tuta la kimo cha watu wawili, refu kuliko basi. Mama Queen alilizunguka mara tatu kimya kimya, na mimi ninayemjua nikaona hatari. Jumamosi iliyofuata aliteremka garini mwangu na marando, ameyakata yote kutoka kwenye ndoo za kibarazani.

"Unakwenda kupanda viazi kwenye tuta la risasi?" nikamuuliza.

"Sasa nipande wapi? Tuta si la viazi?"

"Lile si tuta la kulimia, Mama Queen!"

"Tuta tupu vile, mtu akipita atasemaje? Atasema hapa hakuna mwanamke."

"Nani apite? Hapa ni porini!"

Akanipa jembe. Katikati, zinapoingia risasi, alipaacha wazi, hakuwa mwendawazimu. Lakini mabega yote mawili ya tuta, juu mpaka chini, aliyapanda mistari iliyonyooka mpaka raha. Mzee, kutoka kwenye dungu, alipiga makofi. Ethan alipoona alicheka kwanza, halafu akakasirika. Alisema hapa ni mahali pa kulenga shabaha, si bustani, na kwamba paa hawatakula karibu na mlio wa bunduki.

"Yaache," baba yake akamjibu. "Tuta ni lake."

Kiangazi chote mzee alilenga. Mwanzoni mikono ilimtetemeka, risasi zikaingia udongoni popote. Mama Queen akamfungia mti wa kuegemeza bunduki kwenye ukingo wa dungu, akaweka juu yake mfuko wa mchanga. Alimkalisha, akamnyoosha mabega, akamwambia apumue, vilevile anavyowaambia wazee wake wakipanda ngazi. Mwezi wa nane matundu yakaanza kukaribiana. Mwezi wa tisa yote yaliingia ndani ya ukubwa wa kisosi. Ila ilikuwa hatua sabini tu. Ukisogeza ubao mbele au nyuma, mzee anakosa. Macho na mikono yake vilikuwa vimeuzoea umbali ule mmoja, na majani ya Ethan yalikuwa mbali zaidi ya hatua mia na ishirini. Sisi sote tulilijua hilo.

Mwezi wa kumi tukaacha kulenga ili pori litulie. Paa wakaja kweli kwenye majani ya Ethan, tukaona nyayo. Halafu mbegu za mialoni, ambazo paa hawaziachi, zikaanza kuanguka kwa majirani, wakahama tena. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja sakitu, ule umande ulioganda, ikapiga. Tulifika Jumamosi tukakuta majani ya viazi yote meusi, yamelala juu ya tuta.

Ethan aliuliza, kwa upole, kwa nini viazi havikuvunwa kabla ya baridi.

"Kwetu hatuvuni vyote," Mama Queen alijibu. "Vinakaa tutani. Unachimba vya leo, kesho unarudi."

"Hapa vitaoza, Benadetha. Huku ardhi inaganda."

Mama Queen aliokota rando moja jeusi, akalikunja kiganjani. Njiani kurudi, baada ya kumshusha mzee Springfield, alilia garini mwangu. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, mimi nikiwa nimeshika usukani sijui pa kutazama. Alisema amesahau kulima. Alisema mtu wa Namtumbo kuua viazi ni aibu ambayo hata mama yake kaburini ameisikia. Alisema Jumatatu ile ikifika watamwaga saruji juu ya tuta lake, naye atarudi kwenye ndoo. Nilimpa kitambaa changu cha kufutia kioo, maana kingine sikuwa nacho.

Jumamosi yenyewe tulifika kabla ya jua. Mzee, Ethan na Mama Queen wakapanda dunguni na vizibao vyao vya rangi ya machungwa, wasije majirani wakawadhania paa. Mimi pia nilivishwa kimoja, nikakaa chini ya ngazi na blanketi la gari, nimekula kiapo cha kutokohoa. Asubuhi ikapita. Kwenye majani ya Ethan hakuna kitu. Adhuhuri ikapita, nikasali palepale. Bunduki za majirani zikalia mbali, mara mbili, mara tatu, na kila zikilia mzee aliinamisha kichwa kidogo.

Saa kumi jua likaanza kushuka. Ethan aliweka kiganja mgongoni kwa baba yake. Hakusema ameshinda, wala uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. Alianza kukusanya vikombe.

Ndipo tukasikia mkwaruzo. Kra, kra, kra. Nilidhani ni mzee anakuna mguu. Nikainua macho, nikaona Mama Queen ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Kwenye mteremko wa bega la kulia la tuta walisimama paa watatu. Majike mawili, na dume lenye mapembe ya ncha nane. Lile dume lilikuwa linachimba. Lilipiga kwato udongoni, likafukua kiazi cha Mama Queen, kimelainika kwa baridi, likakitafuna huku udenda unamwagika. Kisha likachimba kingine. Hatua sabini kamili, na nyuma yake udongo mtupu wa kuzuia risasi.

Sasa nitawaambia jambo ambalo Mama Queen mwenyewe hapendi nilitaje. Alipomwona mnyama anachimba viazi vyake, utoto wote ulimpanda kichwani. Mkono wake wa kushoto uliruka wenyewe ukadaka chupa ya chai, wa kulia ukainuka kuipiga, na mdomo ukafunguka ili apige ukelele wa kufukuza. Ethan aliudaka mkono ule hewani. Mama Queen akajitia kilemba mdomoni, akakiuma, machozi yakimtiririka kwa kujizuia.

Mzee hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa ameshaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. "Pumua, Babu," Mama Queen alinong'ona, kilemba bado mdomoni. Mzee akapumua.

Mlio ukapasua pori. Majike yakaruka yakapotea. Dume lilipiga hatua mbili, likapiga magoti, likalala ubavu juu ya marando.

Na vigelegele alivyovipiga mwanamke yule, wallahi, nadhani vilisikika mpaka kwa yule wakili wa Upper Marlboro. Ndege wote wa kijitoni waliinuka. Mzee Hollis alikuwa anacheka na kulia pamoja, amemkumbatia mwanawe, na Ethan naye analia, anasema, "Umempata, Dad, umempata." Mimi nilijikuta nimekanyaga matope na viatu vyangu vingine vipya, narukaruka, sijali.

Mama Queen alishuka dunguni akaenda kwenye tuta, hakumtazama paa kwanza. Alichuchumaa penye mashimo. Akahesabu viazi vilivyobaki, akavifuta udongo kwa khanga. "Utoto wangu wote niliwafukuza," aliniambia. "Leo wamekuja kula kwangu." Alisimama akajifuta viganja, na nikaviona vina sugu.

Jumatatu niliwachukua mapema, wote watatu. Njia ya shambani inapita Upper Marlboro, na saa ya gari ilionyesha saa tatu kasoro dakika moja tulipoikaribia ofisi ya wakili. Mzee Hollis akanigusa bega.

"Khalfan, punguza mwendo."

Nikapunguza. Akateremsha kioo, baridi yote ikaingia, akaupungia mkono mlango ule mpaka tukaupita. Kisha akapandisha kioo, akaanza miluzi yake.

Ethan alikuwa kiti cha nyuma, jembe jipya kati ya magoti, bado lina karatasi ya dukani. Alimuuliza Mama Queen mwakani wapige matuta mangapi.

Mama Queen alilitazama lile jembe, akaitazama mikono ya Ethan, laini, myeupe, haina hata lengelenge moja.

"Tutaanza na moja," alisema. "Na hiyo karatasi itoe."