Dereva wa Madereva wa Treni

Mume wangu Ocaya ni dereva wa madereva. Ndivyo wanavyomtania hapa kwenye nyumba za reli, Nsambya, Kampala, naye hujivuna kana kwamba ni cheo. Kazi yenyewe ni gari dogo la tajiri mmoja mwenye kandarasi: kuwachukua wafanyakazi wa treni majumbani, kuwafikisha stesheni, kisha kuwafuata kwa barabara huko wanakomalizia zamu na kuwarudisha.

Miaka tisa ameifanya, na ana mwiko mmoja. Anayekwenda kuendesha treni haambiwi habari mbaya. Ataambiwa akirudi. Zamani alimwambia dereva mmoja, humo garini, kwamba mtoto wake amefariki. Yule bwana akasema hakuna wa kushika zamu yake, akapanda hivyo hivyo na machozi yake, akapita ishara ya kusimama, akagonga mabehewa. Gadi, msimamizi wa mabehewa, alikatwa mguu. Tangu hapo Ocaya akaapa, na wenzake wakakubaliana naye. Hata sisi wake zao tuliuheshimu mwiko ule. Leo nauchukia.

Rafiki yake mkubwa ni Odero, Mjaluo wa Kenya, dereva wa treni, jirani yetu mlango wa tatu. Mkewe, Phelister, alikuwa na presha na maneno mengi. Tuligombana kila wiki juu ya kamba ya kuanikia nguo, tukapatana kabla nguo hazijakauka.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Ocaya alimchukua Odero asubuhi, wakaenda Nateete kumchukua msaidizi wake, ambaye kama kawaida alikuwa hajamaliza kuoga. Huku nyuma binti wa Odero na Phelister, Aluoch, akaja kwangu mbio: mama ameanguka jikoni. Tukampakia kwenye bodaboda katikati yetu, tukamkimbiza hospitali. Odero hakupatikana. Ndiyo sheria ya madereva wa treni, ukishaingia garini simu unazima. Nikampigia mume wangu.

"Bibi ya Odero ameanguka. Daktari anasema hali ni mbaya. Mwambie saa hii, arudi."

"Nimesikia," akasema.

Nami nikaridhika, mjinga mimi.

Walirudi kwa njia ya Mengo, wakateremka mjini. Kutoka stesheni hadi kitanda cha Phelister ni dakika tano kwa bodaboda. Odero alipiga soga njia nzima, habari za mabati atakayomwezekea mkewe huko kwao Ugenya, na Ocaya akawa anaitikia. Alijiambia kwamba Phelister ameshalazwa mara mbili, na mara zote alirudi nyumbani jioni akidai chai. Akamfungulia rafiki yake mlango, Odero akapanda treni ya makontena kwenda Jinja.

Wodini Phelister alifumbua macho. "Baba Aluoch iko wapi?"

"Vumilia," nikamwambia. "Ocaya amemwambia. Iko njiani, inakuja."

Akauliza tena. Na tena. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza uso. Saa sita mchana akakata roho akiwa ameutazama mlango huo, na mimi nimemshika mkono, namlaani Odero kimoyomoyo kwa kuchelewa.

Treni ilifika Jinja saa tisa. Ocaya alikuwa anangoja tangu saa saba, na simu yangu ya msiba ilikuwa imeshamfikia. Odero akashuka akicheka, akiuliza kama kuna muhogo wa kuchoma. Ocaya akamwambia pale pale, kando ya gari.

"Wewe ulijua saa ngapi?" Odero akauliza.

"Asubuhi. Tulikuwa Nateete."

Hakumpiga. Alikwenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, akabaki huko hadi Kampala, hata kwenye foleni ya Mukono waliposimama zaidi ya saa nzima. Mimi nami nilimwongezea Ocaya adhabu: mwezi mzima nilimpakulia chakula bila neno. Siku moja tu nilimwuliza kama treni ina thamani kuliko buriani ya mtu na mkewe. Akalia mbele ya sahani. Sikuliuliza tena, maana mguu wa yule gadi nao ulikuwa mguu wa mtu.

Tulimzika Phelister Ugenya. Odero aliporudi kazini alimwambia Ocaya, "Ingekuwa ni mimi, hata mimi ningenyamaza." Wakapeana mikono, na asubuhi ya pili gari likaja kumchukua. Badala ya kupanda, alikuja mlangoni kwangu.

"Shemeji," akasema, "ile siku wodini, aliniulizia?"

Injini ilikuwa inanguruma. Ocaya ameshika usukani, anatutazama. Na huyu mtu aliyesimama mbele yangu alikuwa anakwenda kuendesha treni.

"Hapana," nikamwambia. "Alilala tu. Hakumwulizia mtu."

Odero alishusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema. "Basi hakuningoja."

Akapanda gari, wakaondoka. Jioni alirudi salama, akapita kunisalimu. Sikumwambia. Ameenda na kurudi mara nyingi tangu siku ile, na kila akirudi namkaribisha chai, tunaongea habari za Aluoch na bei ya mabati.