Chupa ya Pili ya Mbelgiji

Mama mpika pombe wa Kikuyu hakuruhusu mteja atie mdomo kwenye kata kabla yake. Aliyepika ndiye huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Mwaka tisini na tatu Octavian, karani wa idara ya maji, alimletea kwa mbwembwe chupa mbili za bia alizopewa na mchimba visima Mbelgiji. Moja ikafunguliwa, lakini mama akakataa kutangulia. "Sikuipika mimi. Anza wewe." Octavian akaanza. Ndipo mama akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni, akachungulia machicha yaliyotuama kitakoni mwa chupa. "Haijaiva. Wazungu wana haraka."

Chupa ya pili akaifukia kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, na kila jioni akaigusa shingo kama anayempima mtoto homa. Mwaka ulipotimia akaifungua mbele ya wateja, akamimina taratibu machicha yasiamke. Octavian akanyoosha mkono, maana bia ilikuwa yake. Kata ikaupita mkono ule, ikaenda mdomoni mwa mama. Akafumba macho, akameza. "Karibuni," akasema. "Hakuna sumu."