Nilipompangia Mama Happy Foleni

Mtu aliyempeleka Mama Happy mbele ya polisi siku ile ni mimi. Hakukamatwa barabarani, hakuchongewa na mshindani wa biashara, wala hakuna aliyekuja kugonga mlango. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia aache kila kitu aje mbio na asisahau pasipoti, na yeye kwa kuniamini akaja anatweta. Aibu hii nimekaa nayo miezi kadhaa bila kumwambia mtu, lakini kwa kuwa wapo wawili hapa Guangzhou wanaoisimulia vibaya (mmoja anadai nililipwa), afadhali niiseme mwenyewe, kwa mpangilio, kama ilivyokuwa.

Lazima nianzie Havana, maana bila Havana nisingeingia kwenye ile foleni. Nilisomea udaktari Cuba miaka sita kwa ufadhili, na ukifika kule na miaka yako kumi na tisa unafundishwa vitu viwili kabla ya mifupa ya binadamu: Kihispania na kupanga foleni. Foleni ya mkate kwa daftari la mgao, foleni ya kuku, foleni ya sabuni, foleni ya basi, na siku nyingine foleni ambayo hata waliomo hawajui ni ya nini, ila wamesikia kuna lori limeshusha kitu. Hospitali ilikuwa bure kweli, na walimu wetu walikuwa madaktari ambao sijaona tena mfano wao, lakini mgonjwa alikuja na shuka lake, ndoo yake ya maji na balbu yake ya taa, na siku ya kuruhusiwa ndugu zake waliifungua ile balbu wakaondoka nayo. Mimi mwenyewe nimeandika dawa nyuma ya karatasi iliyokwisha kutumika, huku mimi na mgonjwa tukijua kwamba duka la dawa halina kitu. Wengine walisema ni vikwazo vya jirani mkubwa, wengine (kwa sauti ya chini, baada ya kuchungulia dirishani) walisema ni wakubwa wao wenyewe, na umeme ulikatika katikati ya ubishi kabla hajapatikana mshindi.

Aliyenifundisha foleni ni bibi mmoja, Mirta, aliyekaa nyumba ya pili kutoka bweni letu. Kwake ilikuwa kama dini: ukiona watu wamepanga mstari ingia kwanza, kuuliza baadaye, kwa sababu wakati unauliza watu kumi wamekupita. Ukifika unapaza sauti, "Wa mwisho nani?", mtu ananyoosha mkono, unaikariri sura yake, na kuanzia hapo nafasi ni yako hata ukaenda kukaa kivulini. Na nafasi yako si yako peke yako. Aliyepanga foleni bila kuwaita wenzake alionekana mchoyo wa kutupwa. Mirta alikuwa na mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya pochi kila siku ya Mungu, kwa sababu huwezi kujua. Nami nikawa na wangu, ninao mpaka leo.

Sasa Guangzhou. Nipo hapa kwa shahada ya pili ya afya ya jamii, na siku nisizo na vipindi nawatafsiria wafanyabiashara wa nyumbani katika majengo ya nguo ya Zhanqian. Mama Happy ni mmoja wao, mama wa Kahama, mjane, ana duka la nguo za watoto, na duka hilo ndilo linalosomesha Happy na wadogo zake wawili. Safari ile kiwanda kilimkosea saizi, gauni za miaka mitano zikatoka kama za miaka miwili, akamwambia laoban (ndivyo tunavyowaita wenye maduka), "Hizi ukamvalishe paka wako," nami nikatafsiri kwa adabu zaidi, wakakubali kushona upya. Lakini kushona upya kulitaka siku nane, na hoteli ilikuwa inamla. Nikamwambia, mama, hama, njoo kwangu.

Hapa ndipo palipo kosa la kwanza. Ukilala hoteli, hoteli inakuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa mtu, wewe na mwenyeji wako mnatakiwa mwende kituoni kuandikisha anwani mpya ndani ya siku moja. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu. Siku ya kwanza nilisema kesho, siku ya pili nilikuwa na mtihani, siku ya tatu mwenye nyumba wangu hakupokea simu (na karatasi ya upangaji anayo yeye), na siku ya tano tukawa tumeshaacha hata kulitaja. Mama Happy akaanza kutembea kama wanavyotembea watu wengi wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, akiona sare anavuka barabara, hata sare yenyewe ikiwa ya mlinzi wa duka la simu.

"Vero, hii kitu inanikosesha usingizi," aliniambia. "Wakinigongea alama kwenye pasipoti, viza nyingine sipati. Nikikosa viza, nitauza nini mimi, mchanga?"

"Kesho, mama," nikamjibu.

Hiyo kesho nilipita barabara ya Huanshi Zhonglu peke yangu mchana, nikakatiza ndani ya jengo moja la biashara kukwepa jua, nikaona foleni. Ilikuwa ndefu, watu kama arobaini, Waafrika, Waarabu, Wahindi, imetulia, imezunguka nguzo mbili na kuishia nyuma ya pazia la mabango ambako sikuweza kuona. Upande wa pili watu walitoka mmoja mmoja na mfuko wa kijani mkononi. Na mimi, ninayejisifu kwa kutazama mambo kwa makini, nikamwona mzee mmoja ametoka na mfuko ule na ndani yake inaonekana chupa kubwa ya mafuta ya kula. (Baadaye nilikuja kukumbuka kwamba chini ya jengo lile kuna duka la vyakula.) Sikufikiri. Miguu yangu ilifikiri. Nikaingia mwisho wa mstari na kusema kwa sauti, kwa Kiingereza, wa mwisho nani? Kijana wa Kikenya muuza vipuri vya simu, mrefu, kofia nyekundu, akaitambua lafudhi yangu, akageuka.

"Si ni mimi, msee. Unaona mwingine?"

"Wanagawa nini?"

"Sijui. Niliona watu, nikasimama."

Jibu hilo lingemtisha mtu mwingine yeyote. Mimi lilinitia moyo, niliona nimempata ndugu. Mtu wa mbele akasema wanataka pasipoti, nikaona ni sawa kabisa, hata mgao wa Havana ulitaka kitambulisho, wasije watu wakachukua mara mbili. Nikatoa simu.

"Mama Happy, uko wapi? Njoo jengo lile lenye saa kubwa, ghorofa ya pili, mbio. Wanagawa mafuta ya kupikia. Njoo na pasipoti, nimekushikia nafasi."

"Ya bure?"

"Ya bure, mama!"

Nikamweleza Mkenya kwamba kuna mama anakuja, yuko pamoja nami, naye akarudi kutazama simu yake.

Foleni ilikwenda kwa kasi. Tulipozunguka nguzo ya pili nikaweza kuona nyuma ya mabango, na nilichokiona kilikuwa meza mbili, kompyuta mbili, mashine ya kusomea pasipoti, na polisi wanne. Mmoja alisimama mlangoni, na kila aliyejaribu kutoka kwa njia tuliyoingilia aliulizwa jambo na kurudishwa. Haikuwa mgao. Lilikuwa zoezi la kukagua anwani za wageni, na ule mfuko wa kijani unapewa ukimaliza, una vipeperushi.

Nimewahi kushika moyo wa maiti mkononi nikiwa mwanafunzi na sikutetemeka. Pale nilitetemeka. Nikawa nasikia mlio wa ile mashine tu kila inapomeza pasipoti, tii, tii, na watu saba mbele yangu, sita. Pasipoti yangu mimi ilikuwa safi. Nikaandika ujumbe, USIJE, na kwa kutetemeka nikautuma kwa profesa wangu (aliutafsiri, akajibu jioni, "Sawa, kikao kimeahirishwa?"). Nikapiga simu, na simu ikaita hapo hapo, nyuma yangu, kwa ule wimbo wa kwaya anaoupenda.

"Veroo! Nimefika! Hayajaisha?"

Alikuwa juu ya ngazi za umeme, kitenge kimelegea, pasipoti ameinyanyua juu ya kichwa kama mwamuzi anayetoa kadi, na watu wote arobaini wakageuka pamoja na polisi wa mlangoni.

Na hapa ndipo ilipo aibu yenyewe, hiyo ya mafuta ni ya kuchekesha tu. Niligeuza uso. Kulikuwa na tangazo la zimamoto ukutani, nikalisoma. Nilijisemea kwamba akiona simwangalii ataelewa na kurudi, lakini ukweli ni kwamba kwa muda ule wote, labda pumzi nne au tano, nilitamani polisi wasijue kwamba ni mgeni wangu. Yule mama aliyenipikia ugali siku tano mfululizo, nilijifanya simjui.

Akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu. Mkenya akawaka.

"Wee mathe, laini haianzi hapo! Sisi hapa ni maua?"

"Nimeshikiwa nafasi, mwanangu."

"Na nani?"

Mama Happy akaniangalia. Nikasema kwa sauti isiyotoka vizuri, "Na mimi."

Kelele zikamleta polisi wa kike, kijana, mwenye uso mpole. Akamwona mama mtu mzima anatweta na jasho linamtiririka, akamshika mkono kwa heshima kubwa, akampeleka mbele kabisa ya foleni. Wema ule ndio uliotumaliza. Nikamfuata, ningefanyaje.

Mashine ikalia tii. Yule polisi wa kike akasoma, akasoma tena, akaniuliza kwa Kichina: hoteli inaonyesha aliondoka siku tano zilizopita, je, sasa anakaa wapi? Nikafungua mdomo nimjibu, na Kichina chote nilichosomea miaka miwili kikanikimbia. Kilichotoka ni Kihispania, nikamwambia kwa ufasaha kabisa kwamba anaishi nami. Akanikodolea macho. Akachukua simu ya kazi, akachagua Kiswahili kwenye programu ya kutafsiri, akaiweka mezani na sauti akaipandisha mpaka mwisho, na ile simu ikanguruma ukumbi mzima kwa sauti ya mtangazaji wa mazishi:

"MWANAMKE HUYU ANALALA WAPI USIKU?"

Wote waliojua Kiswahili walicheka, Mkenya akiwa wa kwanza. Mama Happy hakucheka. Akaniinamia sikioni, akanong'ona, "Vero, mwambie bado nipo hotelini."

Simu ilikuwa bado inasikiliza. Ikafikiri kidogo, ikayatoa maneno yale kwa Kichina safi, kwa sauti ile ile, na safari hii waliocheka ni Wachina. Polisi wa kike hakucheka. Tabasamu lake lilikunjwa likawekwa mbali, akamwita mkubwa wake, na mkubwa akaishika pasipoti ya Mama Happy akaondoka nayo nyuma ya mabango.

Nimekaa gizani Havana siku tatu nikisubiri kimbunga. Dakika zile zilikuwa ndefu zaidi. Mama Happy hakunilaumu, alishika ukingo wa meza tu na kusema taratibu, si kwangu, "Wanangu, wanangu." Hapo Kichina kikanirudia. Nikamwambia polisi: analala kwangu, anwani ni hii, kosa la kutoandikisha ni langu, mimi ndiye niliyekuwa nasema kesho. Nikarudia mara tatu, maana mara mbili za kwanza nililia.

Walirudi na pasipoti. Wakapiga picha za pasipoti zote mbili, wakatukabidhi mifuko ya kijani, wakatupeleka kituoni, mwenye nyumba akapigiwa simu na polisi (hiyo aliipokea), tukaandikishwa kwa robo saa, kazi ambayo niliiogopa siku tano. Kila mmoja akapewa karatasi ya onyo atie saini. Nikamsomea Mama Happy yake, lakini kama inaingia kwenye rekodi ya viza haikusema, na nilipouliza, yule wa kaunta akasema hilo si idara yake.

Nje Mama Happy akafungua mfuko wake wa kijani. Vipeperushi vya sheria kwa Kiingereza na Kifaransa, na kipepeo cha plastiki cha kujipepea.

"Daktari," akasema, akijipepea, "mafuta yako haya yanakaanga nini?"

Kisha akatangulia mbele mpaka nyumbani. Kwamba nilisoma tangazo la zimamoto alipokuwa ananiita, hajawahi kulitaja. Aliniona. Najua aliniona.

Basi nimeapa: foleni yoyote sasa naiuliza kwanza, iwe ya choo. Na neno kesho silitumii tena kwa jambo la mtu mwingine. Mirta angenicheka, lakini Mirta hakuwahi kupanga foleni iliyomchukulia kitu badala ya kumpa.

Mama Happy aliondoka siku tatu baadaye, gauni zikiwa na saizi sahihi. Mwezi uliopita aliomba viza mpya. Wenzake wawili waliopeleka maombi siku moja naye wameshafika hapa, wameshanunua, wameshapakia. Pasipoti yake bado ipo huko ubalozini, na kila Jumatatu ananitumia ujumbe wa sauti kuniuliza kama ile karatasi inaonekana kwenye kompyuta zao. Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu matatu. Nguo za sikukuu zimeanza kutundikwa Zhanqian. Leo ni Jumatatu, ujumbe umeshaingia, na sijaufungua.