Kitanda Kisichofunguka

Jumanne, tarehe 9 Juni 1987, saa nne asubuhi, chumba cha nyuma kilikuwa na watu watano: mpimaji dawa mstaafu, mkewe, binti yao, mkwe wao, na seremala wa mtaa aliyekuja kukagua. Mama wa nyumba alidai wahesabiwe sita, maana binti alikuwa amebakiza wiki mbili ajifungue.

Kilichowakusanya ni kitanda cha mtoto. Mstaafu alikitengeneza kwa miezi minne katika banda la uani, kwa randa moja, misumeno miwili na patasi alizozinoa mwenyewe kila jioni. Miaka thelathini na mmoja ya kupima dawa ilikuwa imemtia ugonjwa wa vipimo, na seremala akambandika jina la Sentimita.

"Skrubu ziko wapi?" seremala aliuliza, akiinama chini ya kitanda.

"Hakuna. Kila ubao una ulimi wake, kila ulimi una tundu lake, na ndani kuna gundi na kabari."

"Sentimita, kitanda cha mtoto hufungwa kwa skrubu. Mtoto akikua, unakifungua, unakiweka darini. Hiki utakifunguaje? Hata mlangoni hakipiti!"

"Kwani kinakwenda wapi?" mstaafu akajibu, na wote wakacheka. Mlango ulikuwa na upana wa sentimita sabini na kitanda themanini, hata kikilazwa ubavu. Alilijua hilo, ndiyo sababu alikiungia humo humo chumbani.

Alhamisi, tarehe 25, mtoto alizaliwa hana pumzi. Alikuwa wa kike. Alizikwa siku ile ile.

Jumamosi asubuhi mkwe alipita na gari la kuazima. "Wanamtoa hospitali saa nane mchana, baba," alisema bila kuzima injini, akaondoka.

Mama wa nyumba alimfuata mumewe bandani. Alimkuta ameketi, mikono magotini.

"Mzee, kitanda kile kisimkute mwanangu. Nakuomba. Akiingia asikione."

"Hatakiona."

Mstaafu akaenda chumbani, akaanza kwa nyundo ya mbao. Alipiga juu ya kitambaa, asichubue ubao, kisha akapiga bila kitambaa. Hakuna kiungo kilichoachia hata unene wa karatasi. Siku nyingine angefurahi. Sasa alitazama tu, kama mtu anayesoma tangazo lisilomhusu, akaenda kuleta msumeno.

Saa sita na nusu mkewe alichungulia. Mumewe alikuwa amepiga magoti, guniya ya kupimia pembe mkono wa kushoto, penseli wa kulia, akichora mstari wa pembe mraba kuzunguka mguu wa kwanza.

"Unafanya nini?"

"Naweka alama."

"Alama ya nini, mume wangu? Ni kuni hizo! Kata!"

"Siwezi kukata pasipo mstari."

Wala hakuwa mkaidi. Mkono wenyewe ulikataa kusogea. Akachora mistari minne kwa kila mguu na kwenye reli mbili, zile mbao za ubavuni, akaikagua, mmoja akaufuta na kuuchora upya. Baada ya hapo alikata taratibu, na unga wa mbao ukamjaa viatuni. Hakusikia kitu moyoni. Alisikia meno ya msumeno tu.

Alikuwa kwenye mguu wa tatu, saa saba na nusu, gari liliposimama nje. Hospitali ilikuwa imekihitaji kitanda alicholazwa binti, ikamruhusu mapema.

Mama alikimbilia mlango wa mbele. "Mwanangu, pitia sebuleni kwanza. Kaa, nikuletee maji."

"Nataka kulala, mama."

"Lala chumbani kwetu."

"Kuna nini chumbani kwangu?"

Hakungoja jibu. Alisimama kizingitini, mkono tumboni. Baba yake hakuinuka.

"Bado kidogo, mwanangu," alisema. "Nilichelewa kwenye mistari."

Binti alitazama kitanda kilicholalia upande mmoja, msumeno uliobanwa katikati ya mguu, na penseli iliyo sikioni mwa baba yake.

"Kinabana kwa sababu hakuna anayeshika huku," alisema.

"Wewe umetoka kuzaa, nenda ukalale!" mama alifoka toka nyuma.

"Nitalala wapi, mama, na chumba chenyewe ndicho hiki?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda chake kikubwa, akakamata reli ya kile kidogo kwa mikono miwili. Msumeno ukaachia. Baba akakata mguu wa tatu, halafu wa nne, halafu reli mbili, akifuata mistari. Vipande vilipokwisha kupita mlangoni, mkewe alifagia, na binti akajilaza, uso ukutani.

Mkwe alikwenda kurudisha gari, akarejea kabla ya magharibi. Usiku huo walilala nyumbani humo watu wanne: mstaafu, mkewe, binti yao na mkwe wao.