Hamira ya Mwanabaraka Imeunguzwa, Ikapona

Jua linachomoza Mbaraki, na Mwanabaraka, msaidizi wa utafiti, anafagia maabara kama anavyofagia nyumba yake. Kisha anawasha taa yenye miale inayounguza kama ya jua kali, na kuweka chini yake visahani vya hamira, jamaa ya ile ya maandazi. Baada ya muda mfupi anaizima. Visahani anavifungia kabatini, gizani.

"Ukiiunguza, kuna jeni ndani yake zaamka kutengeneza palipoharibika," asema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. "Sisi twataka kujua kinachoziamsha."

Nyumbani kwake Mji wa Kale, madirisha hayafunguliwi mchana. Binti yake Ummukulthum, wa miaka tisa, alizaliwa na mwili usioweza kurekebisha madhara ya jua. Likimpiga kidogo tu, ngozi hutoka malengelenge, na madaktari wameshataja saratani. Hutoka nje baada ya magharibi, wenzake wanapoitwa ndani.

Sasa mpe mama huyo chumba chenye madirisha mapana, uone! Mwezi uliopita alijisahau. Alipomaliza kufagia aliyafungua yote baraka iingie, kama alivyolelewa, na visahani vilivyotoka kuunguzwa vikabaki mezani, mwangani.

Hamira ilitakiwa ife kwa wingi. Badala yake iliota ikajaa. Msimamizi wake, Daktari Kalama, alipoviona visahani aliguna.

"Bi Mwanabaraka, umeipa mwanga! Hamira yautumia mwanga wenyewe kujitibu. Jaribio la gizani limeharibika."

"Na watu je, daktari?"

"Sisi hatukujaliwa hilo."

Mwanabaraka alikaa kitini akalia.

Jaribio lilianza upya, na kazini alibaki. Kalama hamdanganyi: baadhi ya jeni za hamira zafanana na zile zilizoharibika kwa Ummukulthum, lakini dawa haijapatikana. Mwanabaraka anasikiliza, huku macho yake yakiwa mbali, dirishani.

Ana mpango mmoja, na Kalama ameukubali. Alhamisi, magharibi ikishaingia, atamleta binti yake maabara achungulie kwenye hadubini.

"Dawa sina," asema. "Lakini mwanangu adhani kila kinachounguzwa na jua hufa. Nataka akione kilichopona."