Jumamosi Tuliyomsubiri Kaka kwenye Televisheni

Sisi tuliokulia Kinyala kabla ya simu kuingia mifukoni mwa watoto, ngumi tulijifunzia kwenye migomba. Tulikusanya majani makavu, tukayaviringisha mkononi, tukayafunga kwa kamba za mgomba huohuo, na hizo ndizo zilikuwa glovu zetu. Ulingo ulikuwa nyuma ya banda la kupimia chai. Ukipigwa hukuumia sana, ila majani yalipasuka na vumbi likakujaa machoni. Wasichana nasi tulipigana, na mimi nilikuwa na mkono mzito, waulizeni niliosoma nao. Ukirudi nyumbani pua inavuja damu, mama hakuuliza nani kakupiga. Aliuliza kama umekata majani ya ng'ombe.

Vijana wa siku hizi wanaanza na kaptura inayong'aa, kisha picha, mazoezi yatafuata bando likiisha. Nawatania tu. Wanajua mambo mengi ambayo sisi tungeyajua mapema, tusingelia kama tulivyolia.

Aliyetufundisha ngumi alikuwa kaka yangu mkubwa, Gwakisa. Huyo hakupigana kwa mchezo. Alikimbia asubuhi na ukungu mpaka Nkunga na kurudi, kisha akala sufuria nzima ya ndizi na mtindi, tukabaki tunamtazama. Alikuwa ameshinda mapambano kadhaa Mbeya mjini, na siku moja akaja nyumbani promota. Alivaa viatu vyeupe, katika matope yetu yale. Mama alimchinjia kuku. Baada ya kula, promota alifuta midomo akasema, "Mama, mwanao anakwenda kupigana Dar es Salaam. Jumamosi saa kumi jioni mtamwona kwenye televisheni." Hakuna aliyemuuliza anapigana na nani. Tulisikia neno televisheni, masikio yakaziba.

Televisheni ya karibu ilikuwa mtaa wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, dukani kwa mzee mmoja muuza misumari. Jumamosi hiyo tuliondoka Kinyala ukoo mzima. Mama alitulazimisha kuoga na kuvaa nguo za kanisani, naye akavaa sare yake ya kwaya. Aliamini kwamba kama sisi tunamwona Gwakisa, basi na Gwakisa anatuona, na hakutaka mwanawe aone aibu mbele ya watu wa Dar. Hakuna aliyembishia. Mimi mwenyewe nilikaa benchi la mbele kabisa, nikiwa nimenyoosha mgongo, nikifanya mazoezi ya kutabasamu.

Mvua ilinyesha, kama kawaida yetu. Binamu yetu mmoja alikuwa nje akizungusha mwanzi wenye antena, na ndani watu walipokezana kumwelekeza, rudisha kidogo, hapohapo, umepitiliza. Tuliona mabondia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tuliona tangazo la sabuni mara nyingi hata nikalishika kwa moyo. Kisha mtangazaji akaaga, wakaweka muziki. Mama hakuinuka. Alisema huenda wamekwenda kunywa chai, watarudi. Mwenye duka alisubiri kwa heshima, mwisho akazima jenereta.

Gwakisa alirudi Jumanne kwa basi. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, midomo imevimba. Alikaa jikoni, akapokea kikombe cha chai, akashindwa kunywa. Akauliza, "Mliniona?"

Mama aliinama akapuliza moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Ndipo akatusimulia. Mpinzani aliyetajiwa hakuwepo. Walimbadilishia alipokuwa amekwisha kuvaa glovu, wakamletea mtu mzito kuliko yeye, jitu zima. Pambano lao lilikuwa la mwanzo kabisa, viti vikiwa vitupu, kabla kamera hazijawashwa. Hilo la kamera aliambiwa baadaye, na hakulisadiki mpaka alipotuona tumenyamaza. "Nilipigwa sana raundi ya tatu," alisema. "Nilitaka kukaa chini. Nikasema siwezi, mama ananiona."

Jicho lile halijapona sawasawa hadi leo. Promota hatukumwona tena. Gwakisa alirudi kwenye chai na ndizi zake, na akasema hakuna mtoto wake atakayepanda ulingoni. Kwa miaka mingi nilimchukia yule mtu wa viatu vyeupe, na nilijichukia kidogo na mimi kwa sababu nilimpelekea maji ya kunawa kwa furaha.

Sasa mjue kwamba huyu Gwakisa ana binti, Atupele, na binti ana ngumi za baba yake. Alijifunza Mbeya alikokwenda chuo, akatuficha mpaka tulipomwona wenyewe kwenye simu ya jirani. Mwaka huu akaja promota kumtaka apigane pambano la kuonyeshwa kwenye televisheni. Atupele ni mtu mzima, angeweza kusaini bila kutuuliza. Lakini aliniambia, "Shangazi, bila baraka ya baba siendi. Na nafasi hii nikiikosa, sidhani kama nitapata nyingine."

Nilikwenda kumbembeleza kaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanamume akitaka binti yangu analeta mshenga. Huyu anamtaka akapigwe, anakuja peke yake?"

Ikawa hivyo. Promota, kijana mpole anayesema shikamoo kwa kila mtu, alirudishwa akatafute wa kumsemea. Vijana walicheka, eti bondia anaposwa. Baada ya wiki alirudi na mama yake mkubwa, nesi mstaafu wa Nkunga. Mama yule aliketi, akasema, "Huyu nimemlea mimi. Akiharibu, msihangaike kumtafuta Dar, njooni kwangu." Gwakisa aliusoma mkataba mstari kwa mstari, karatasi akiisogeza upande wa jicho zima. Aliuliza swali moja tu. "Mambo yakibadilika, nani ataniambia?"

"Mimi mwenyewe, mzee," kijana akajibu.

Siku nane kabla ya pambano, mchana wa mvua kubwa, tuliona bodaboda inapanda kilima. Kijana aliteremka amelowa mpaka mifupani, akakataa hata kukaa. "Mzee, mpinzani ameumia mazoezini. Wamenipa mwingine, lakini ana kilo nyingi kuliko Atupele. Nimekataa. Pambano letu halipo tena, labda mwezi ujao." Na yeye televisheni ilikuwa inampita.

Atupele aliingia ndani, tukamsikia analia. Nilimtazama kaka nikitegemea aseme alijua tu kwamba itakuwa hivi. Badala yake aliinuka, akavua koti lake, akamvika kijana.

"Yule wangu hakunyeshewa mvua kuja kuniambia," alisema. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Wakikupangia tarehe nyingine, njoo umchukue."

Sijui kama mapromota wote ni wa kuaminika. Nadhani wengi bado wanavaa viatu vyeupe. Enzi zetu tulikuwa na majani ya migomba, na mtindi mzito, na mama waliovalia sare ili waonwe na watoto wao walio mbali, na ningetoa mengi kurudi kwenye benchi lile nikiwa nimenyoosha mgongo. Lakini hatukujua kuuliza. Watoto wetu wanauliza, na wanajibiwa. Mwezi ujao umefika, Atupele amepata mpinzani wa uzito wake, na juzi kaka yangu amekwenda mjini kununua televisheni.