Libanga la Nathanaël

Hippolyte alikuwa mpiga gitaa wa baa moja ya mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, na kilichomlisha ni kutupa mabanga. Libanga ni jiwe kwa Kilingala. Kwa wanamuziki wetu ni jina la mtu linalotajwa katikati ya wimbo. Ukimuuliza kwa nini jiwe, alijibu kwamba jiwe likianguka juu ya bati, mtaa mzima hugeuka. Ndio umaarufu wetu huo, usicheke. Wachimba dhahabu wa Mongbwalu walimnunulia bia ili watajwe. Nathanaël wa mtaa wa Rwambuzi alitajwa kila Jumamosi bila kununua kitu, maana yeye na Hippolyte walikua pamoja tangu utoto.

Vita vilipoingia mjini mwaka 2003, watu wa kabila la Nathanaël wakawa wanasakwa nyumba kwa nyumba. Hippolyte alimsindikiza rafiki yake hadi nje ya mji, akamwacha ashike njia ya Beni kwa miguu. Haukupita muda, wapiganaji wakamjia uani na kaseti ya nyimbo zake mkononi.

"Huyu Nathanaël unaimbaka iko wapi?"

"Alikufa. Walimuuwa mu njia."

"Kama alikufa, mulilie. Tusikie."

Akaimba, bunduki imemwelekea kifuani. Hofu ilimpa sauti ambayo baa haikuwahi kumpa. Alimlilia mtu aliye hai mpaka mpiganaji mmoja akajifuta machozi, mnafiki mkubwa yule. Wakaenda zao.

Lakini majirani walikuwa wamesikia. Wimbo ukatoka uani, ukapita mdomo kwa mdomo hadi kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, alikolala Mama Madeleine, mzazi wa Nathanaël.

Hippolyte alipokwenda kumwona alikuta matanga. Mama amenyoa nywele, ameketi chini kati ya wanawake. Ilimuuma vibaya. Neno moja tu lingemwinua yule mama. Lakini angepiga vigelegele, kambi nzima ingejua, na kambini hukosi mtu wa kupeleka habari. Nathanaël alikuwa bado njiani. Hippolyte akalimeza neno lake.

Mama Madeleine akamshika mikono yote miwili.

"Aksanti, mutoto yangu. Bengine banazikwa kimya. Weye ulimupatia jina."

Kisha akamwomba aimbe tena, wanawake wote wasikie. Hippolyte akakohoa kidogo, akaanza.